Kususia bidhaa kunaigusa kweli serikali kandamizi?

Ndugu yangu, umeuliza kama watu kuacha kununua kunaweza kuigusa serikali yenye bunduki na magereza. Kunaweza, ila kwanza huwagusa wale ambao serikali inawategemea.

Tazama Port Elizabeth, Afrika Kusini, Julai 1985. Wakazi weusi waligoma kununua kwenye maduka ya wazungu mjini. Polisi wangefanya nini? Huwezi kumshika mtu kwa kosa la kutonunua sukari. Hali ya hatari ikatangazwa, viongozi akina Mkhuseli Jack wakawekwa ndani, na bado wateja hawakurudi. Mwishowe wenye maduka wenyewe ndio walioibana serikali iwaachie viongozi, na Novemba wakaachiwa. Nguvu ya mgomo iko hapo: aliyekuwa ananyamazia dhuluma anaanza kuona hasara yake.

Nje nako, Dublin, mwaka 1984, keshia Mary Manning alikataa kumuuzia mteja mabalungi ya Afrika Kusini, akifuata agizo la chama chake cha wafanyakazi. Akasimamishwa kazi, wenzake wakatoka naye, wakagoma karibu miaka 3. Mwaka 1987 Ireland ikapiga marufuku matunda na mboga za makaburu.

Ila usitegemee haraka. Wito wa kususia ulizinduliwa London Juni 1959, Nyerere akiwa miongoni mwa wasemaji. Mandela alitoka gerezani Februari 1990. Na kususia hakukuwa peke yake, kulikuwa na migomo ya wafanyakazi, vikwazo na mapambano ya silaha. Kwa hiyo kabla ya kuanza, chunguzeni pesa yenu inaishia mfukoni mwa nani, na huyo anasikilizwa kiasi gani serikalini.