Barua kwa mwanangu: nyuzi kwenye pembe za nguo

Mwanangu Neema,

Marahaba. Nimefurahi umeuliza kabla ya kumhukumu mwenzako. Unasema hapo Manchester unafanya kazi na Myahudi mwenye nyuzi nyeupe zinazoning'inia kiunoni, na mwenyewe kakueleza kwamba sheria yao inadai nyuzi hizo kwenye vazi la pembe nne tu. Ukashangaa: shati halina pembe nne, sasa anajitafutia mzigo wa nini?

Alichokuambia ni kweli. Amri iko Hesabu 15 na Kumbukumbu la Torati 22, pale Biblia yetu inaposema vishada. Wao huviita tzitzit. Marabi, yaani walimu wao wa sheria, waliichambua kwa kina katika Talmudi, mkusanyiko mkubwa wa mijadala yao, kwenye sehemu iitwayo Menachot, na wakaamua kwamba wajibu unamfika mtu anapovaa vazi lenye pembe nne. Mwenzako angejifunga shuka la pamba kama la Wamasai, angelazimika kulitia vishada kila pembe. Kanzu ya baba yako isingemlazimu, maana ubavu wake umeshonwa. Mpasuo mfupi wa chini hauhesabiki, mpaka sehemu kubwa ya ubavu iwe wazi. Hata kuikata pembe moja iwe ya mviringo kunatosha kuliondoa vazi kwenye amri. Kwa hiyo kukwepa ni rahisi kabisa, na hakuna dhambi iliyoandikwa.

Hapo ndipo penye uzito. Talmudi inasimulia kwamba malaika alimkuta rabi mmoja, Rav Ketina, amevaa nguo ya kitani. Akamwuliza: kiangazi unavaa kitani, masika ya baridi unavaa joho la pembe za mviringo, je, amri ya vishada itakuwaje? Nguo zote mbili zilisamehewa. Ketina akauliza kama mbinguni wanamwadhibu mtu kwa kutotimiza amri ya kutenda. Akajibiwa kwamba wakati wa ghadhabu, ndiyo. Nimefundisha Agano la Kale miaka mingi, na kisa hiki kila mara kinanichoma: mtu hakuvunja chochote, ila alijipangia maisha ili amri isimfikie.

Mwenzako amefanya kinyume chake. Ndani ya shati amevaa tallit katan, kitambaa cha mstatili chenye tundu la shingo, ili tu awe na pembe nne. Mwombe siku moja akuonyeshe kwa karibu. Kila pembe ina tundu; hupitishwa nyuzi nne, zikikunjwa zinakuwa ncha nane. Uzi mmoja mrefu huzungushiwa wenzake, na mafundo mawili mawili hufungwa mara tano. Wayahudi wengi wa asili ya Ulaya huzungusha mara 7, 8, 11, kisha 13. Nyuzi zenyewe lazima zisokotwe kwa nia ya amri tangu mwanzo, na asubuhi kabla ya kuvaa huzikagua zisije zikawa zimekatika.

Uzi wa samawi unaotajwa katika Hesabu ulipotea kwa karne nyingi, kwa kuwa mnyama wa bahari aliyetoa rangi hiyo alisahaulika. Siku hizi wapo wanaoutia tena, kwa rangi ya konokono aitwaye Murex trunculus. Lakini Mishna, mkusanyiko wa kale wa sheria za marabi, ilishasema nyeupe peke yake inatosha.

Usije ukamwambia kwamba Bwana Yesu alivikataa. Mathayo 23 inawakemea waliovirefusha ili waonekane na watu. Yeye mwenyewe alivivaa, nami naamini yule mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 alipogusa pindo la vazi lake, alishika kishada.

Wanawake wamesamehewa, kwa sababu andiko linasema mvitazame, marabi wakaelewa ni amri ya mchana, na amri nyingi za kutenda zenye wakati maalumu haziwabani. Wapo wachache wanaovaa kwa hiari. Mwenzako akikuonyesha, usivishike mpaka akuruhusu. Na umwulize kama vyake vina uzi wa samawi, uniandikie. Sijawahi kuuona kwa macho yangu.

Mama yako