Risasi Zilipitaje Katikati ya Panga la Ndege?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Hapa barazani kwetu tumebishana kuhusu ile ndege ya kivita ya Wafaransa ya mwaka 1915, ambayo rubani wake alipiga bombomu kuelekea mbele, moja kwa moja kupitia panga linalozunguka. Mjomba wangu anashikilia kwamba bunduki ilisubiri panga lipite ndipo ikafyatua. Mimi nasema risasi nyingine zililigonga panga. Nani mkweli?
Msomaji, Mikindani, Mtwara

JIBU: Marahaba. Kwa ndege hiyo, wewe ndiwe uliye karibu na ukweli, ingawa mjomba naye hakutunga.

Ndege yenyewe ni Morane-Saulnier Aina L, yenye bawa moja lililotandazwa juu ya kichwa cha rubani kama mwavuli. Aliyeirusha ni Roland Garros, ambaye wengi wanamfahamu kwa uwanja wa tenisi wa Paris tu, ilhali alizaliwa mwaka 1888 kisiwani Réunion, katika Bahari ya Hindi hiihii mnayovulia. Injini yake ya nguvu za farasi 80 ilizunguka kiasi cha mara 1,200 kwa dakika. Na kwa kuwa panga lilikuwa na mabapa mawili, bapa lilikatiza mbele ya mtutu mara 40 kila sekunde.

Raymond Saulnier, mmoja wa waundaji wake, alikwisha kujaribu mtambo ambao ungemfurahisha mjomba wako, wa kuifanya bunduki ifyatue pale tu bapa lisipokuwa mbele ya mtutu, lakini ulikwamishwa na risasi zenyewe, kwa sababu baadhi zilichelewa kulipuka, zikatoka mtutuni wakati bapa limekwisha kurudi. Ndipo vikafungwa juu ya mabapa ya panga vipande vya chuma vyenye umbo la kabari ya kupasulia magogo, ncha ikiielekea bunduki, pale hasa risasi zinapokatiza. Nyingi zilipita bila kugusa kitu. Iliyogonga iliteleza pembeni, nayo injini ikatikisika kwa kila pigo. Ni ufundi wa kibabe, sikatai, lakini tarehe 1 Aprili 1915 Garros aliiangusha ndege ya Wajerumani, kisha nyingine mbili kabla ya mwezi kwisha.

Tarehe 18 Aprili alilazimika kutua upande wa adui. Aliitia ndege moto, lakini haikuteketea yote, na Wajerumani wakaziona zile kabari.

Hapo sasa ndipo anapoingia mjomba. Katika kipindi cha wiki chache tu, karakana ya Anthony Fokker, Mholanzi aliyewaundia Wajerumani ndege, ilionyesha mtambo unaoendeshwa na injini, ambao ulisukuma kifyatulio pale tu njia ilipokuwa wazi. Kwa hiyo hata huko bunduki haikulisubiri panga: mzunguko wa injini, uleule unaozungusha panga, ndio ulioiamuru ifyatue. Wafaransa, kwa upande wao, waliendelea na kabari katika Aina N iliyofuata mwaka huohuo.