Maswali na majibu: bajaji, korosho na jina la tovuti yako

Maswali ya safari hii yametoka Mtwara na Lindi, na karibu yote yanauliza jambo moja: jina nimeshalipenda, nitagombana na mtu? Domeini ni lile jina la tovuti linaloishia na .co.tz au .com. Alama ya biashara ni jina au nembo iliyosajiliwa, ambayo mwenyewe anaweza kumzuia mwingine asiitumie kwenye bidhaa au huduma za aina ile ile.

*Kaka, tuko vijana saba hapa Mtwara mjini, tuna bajaji zetu na tunataka wateja waagize kwa simu. Domeini tuliyoichagua inaanza na "bajaji" na kumalizia na "mtwara". Tumeangalia, iko wazi. Tununue?*

Iko wazi maana yake hakuna aliyeilipia, basi. Anayekuuzia domeini haulizi jina lina mwenyewe au halina. Ukilipa, unapewa.

Na hilo lina mwenyewe. Bajaj Auto ni kampuni ya India, makao yake Pune. Sisi tumelichukua jina lake tukalifanya neno letu, kiasi kwamba hata pikipiki ya miguu mitatu ya TVS, kampuni nyingine kabisa, tunaiita bajaji bila kufikiri. Lakini jina kuzoeleka mdomoni si sawa na mwenyewe kulipoteza.

Linganisheni na neno lililozaliwa hukuhuku kwetu. Wamachinga ni watu wa Lindi. Jina lao likageuka jina la kazi, na leo hata kijana wa Mwanza akitembeza mitumba ni machinga. Nyuma ya neno hilo hakuna kampuni inayouza kitu. Nyuma ya bajaji ipo, tena inauza vyombo hivyohivyo mnavyoendesha.

Mkiandika ndani ya tovuti "tunasafirisha abiria kwa bajaji", mnaeleza kazi yenu, sioni ugomvi hapo. Kulibeba neno hilo kichwani mwa domeini ni jambo jingine, hasa mkiongeza na nembo yao. Mteja anaweza kudhani ninyi ni mawakala wa kampuni. Labda mngeshinda kesi, labda msingeshinda, lakini hadi hapo mngekuwa mmeshauza bajaji mbili kumlipa wakili. Kijiwe chenu kinaitwaje? Abiria wa Shangani wanawaitaje mkipita? Anzieni hapo.

*Mwanangu, tuko akina mama tisa Newala, tunabangua korosho na kuzikaanga. Tumependa "Korosho Tamu Newala". Kuna atakayetushtaki?*

Shikamoo mama. Hakuna. Korosho ni ya wote, tamu ni ya wote, Newala ni ya wote. Na hapo ndipo penye shida: kilicho cha wote huwezi kukizungushia ua. Mwaka kesho mtu wa Tandahimba akifungua "Korosho Tamu za Newala", mtamfanya nini? Sheria ya alama inataka jina linalomtofautisha mwenye bidhaa na wenzake. Maneno yanayotaja tu bidhaa, sifa yake au inakotoka kwa kawaida hukataliwa.

Jina zuri kwenu ni lile ambalo mtu akilisikia peke yake hafikirii korosho kabisa. Neno la Kimakonde linalotamkika hata na mnunuzi wa Dar es Salaam, kwa mfano. Wengi huogopa jina la namna hiyo, wanasema wateja hawataelewa. Wataelewa wakiona picha ya korosho kwenye pakiti.

Mkishalipata, ombeni upekuzi wa alama BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na mtaje daraja. Bidhaa na huduma zote zimegawanywa katika madaraja 45. Korosho zilizokaangwa ziko la 29, korosho ghafi la 31, hoteli na migahawa la 43. Jina linalofanana mkiliona kwenye hoteli, si lazima mliache, isipokuwa kama ni jina maarufu sana. Alama ikisajiliwa Tanzania Bara hulindwa miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kila miaka 10. Zanzibar ina daftari lake, kwa hiyo kama mna mpango wa kuuza kwenye hoteli za Unguja, ulizeni na huko.

*BRELA walishanipa cheti cha jina la biashara. Si yatosha? (Nachingwea)*

Hakitoshi. Jina la biashara na alama ya biashara yote yako BRELA, lakini ni madaftari mawili chini ya sheria mbili. Cheti chako kinasema ni nani anayefanya biashara kwa jina hilo. Hakimzuii mwenye alama kukusimamisha. Domeini ya .tz ni daftari la tatu. Mimi hupekua alama kwanza, kisha jina la biashara, na yote yakiwa safi nalipia domeini siku hiyohiyo kabla sijamwambia mtu. Hata shemeji.

*Nimenunua .com yenye jina la kampuni moja kubwa. Nataka dola 5,000. Niwapigie? (Masasi)*

Usipige. Tangu 1999 ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeini duniani, lina utaratibu wa kuamua migogoro hii bila kwenda mahakamani, unaoitwa UDRP. Mlalamikaji huthibitisha mambo matatu: domeini inafanana na alama yake kiasi cha kuchanganya watu, wewe huna haki nayo, na uliisajili na kuitumia kwa nia mbaya. Simu yako yenye bei ndani yake itakuwa ushahidi wa hilo la tatu. Kwa WIPO, shirika la miliki bunifu duniani linalosikiliza migogoro hiyo, kesi ya domeini moja na mwamuzi mmoja ni dola 1,500. Kampuni kubwa hailali njaa kwa hizo, na wewe hurudishiwi hata shilingi.

Usiniletee habari za Uzi Nissan wa Marekani. Kwake yeye Nissan lilikuwa jina la ukoo, alikuwa na biashara ya kompyuta, na nissan.com aliisajili 1994. Kampuni ya magari ikamshtaki 1999. Domeini ilibaki kwake, lakini baada ya miaka ya mahakama na gharama kubwa za mawakili. Wewe huna ukoo huo. Iache ife muda wake ukiisha.

*Nina gesti Lindi mjini. Kijana aliyenitengenezea tovuti alisajili domeini kwa jina lake, sasa anataka laki tano aiachie. Nifanyeje?*

Pole, mzee wangu. Mimi yangu ilinipotea kizembe zaidi: vikumbusho vya kulipia mwaka vilikuwa vinakwenda kwenye baruapepe ya kijana aliyekwisha acha kazi, nikashtuka tovuti imezimika.

Kwanza tafuta domeini yako kwenye huduma ya whois, uone imeandikwa jina la nani na inaisha lini. Kisha kusanya risiti za malipo ya simu na ujumbe mliotumiana, vinavyoonyesha ulimtuma kusajili kwa ajili ya gesti yako. Vipeleke kwa kampuni iliyoiuza domeini hiyo. Domeini za .tz nazo zina utaratibu wake wa kusuluhisha migogoro. Kama jina la gesti umelisajili kuwa alama, mkono wako una nguvu zaidi. Kama bado, anza sasa.

Wateja wasikose pa kukupata wakati unasubiri: ipo .hotel.tz kwa wenye biashara kama yako. Safari hii jina lako, baruapepe yako, namba yako ya simu.

Na ukiona bora umlipe kijana yaishe, usimpe hata senti kabla hujaona jina lako kwenye daftari.