Mtu mzima hafundishwi kama mtoto

Siku ya kwanza kuwafundisha wakulima wa zabibu pale Mpunguzi, nje ya mji wa Dodoma, nilitoka moja kwa moja kwenye mazoea ya darasa la nne. Nikasimama ubaoni na chaki, nikaeleza upogoaji, yaani kukata matawi ya mzabibu, tangu mwanzo, kila baada ya dakika chache nauliza, "Tumeelewana?" Wanaitikia kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu." Nikaridhika.

Tulipomaliza, mama mmoja akaniita pembeni. "Mwanangu, mimi napogoa miaka kumi na minane, na hapa kwetu zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka. Nilikuja kuuliza habari ya ubwiri unga, huu ugonjwa wa majani. Sikupata pa kuulizia." Siku ya pili nusu ya viti vilikuwa vitupu.

Sisi tunasema "kufundisha" tu, awe mtoto awe mzee. Kiingereza kina maneno mawili yenye asili ya Kigiriki: pedagojia na andragojia. La kwanza limebeba mtoto na kuongoza. Ugiriki ya kale lilitokana na mtumwa aliyemsindikiza mtoto kwenda kusoma. La pili limebeba mtu mzima. Mjerumani Alexander Kapp alilitumia mwaka 1833, na Mmarekani Malcolm Knowles ndiye aliyelieneza katika karne ya 20. Mtoto hupangiwa cha kujifunza. Mtu mzima anakuja na uzoefu wake, ana tatizo linalomkosesha usingizi, na anataka jibu atakalolitumia kesho asubuhi.

Wapo wanaoyagombanisha maneno haya. Mimi sikubaliani nao. Kijana ambaye hajawahi kushika mkasi wa kupogolea anahitaji kuelekezwa hatua kwa hatua hata kama ana ndevu, na mtoto aliyekulia kuchunga mbuzi anaingia darasani akijua kuhesabu kundi zima. Knowles mwenyewe baadaye aliacha kuyatenganisha kwa ukuta.

Kwa hiyo, ukiitwa kufundisha watu wazima, usianze na somo lako. Waulize kwanza kimewashinda nini, kisha nyamaza, hata kimya kikirefuka. Wengine watachelewa kusema kwa sababu shuleni walizoea kuitikia tu.

Siku ya tatu niliacha ubao. Tulikwenda shambani kwa yule mama, akageuza majani yenye unga mweupe, akaanza yeye kueleza mwaka jana ugonjwa ulianzia mstari gani. Mimi nikatoa daftari nikaandika.