Ukibuni sikukuu, anza na kile watu wanachokikosa

Sikukuu ya kwanza niliyoubunia mji wangu wa mchezo wa kuigiza wahusika niliipa jina la Usiku wa Taa Elfu. Niliiandikia kurasa nne: taa za karatasi mtoni, wapiga ngoma juu ya mapaa, mavazi ya hariri, wimbo wa beti nane. Jumapili ikafika, tukakaa watano kuizunguka meza ya sebuleni kwangu, mtaa wa Umoja, Nairobi, nikawasomea. Nilipomaliza, binamu yangu akaniuliza, "Sawa. Kwa hivyo soko limefungwa, ama bado tunaweza kununua kamba?"

Tukanunua kamba, tukaendelea na safari. Kurasa nne ziliisha kwa dakika tano.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: ni ile michezo ya kuigiza wahusika, jamii ya Dungeons & Dragons iliyotoka mwaka 1974. Mmoja anauendesha ulimwengu wa kubuni, wengine kila mmoja ana mhusika wake, na jambo likiwa na shaka dadu la pande ishirini ndilo linaloamua. Mimi ndiye ninayeuendesha huo ulimwengu, na swali la binamu yangu lilinikaa kichwani wiki nzima kwa sababu alikuwa amesema kweli. Mhusika wake hakuwa na la kufanya usiku ule. Hakuna aliyemngoja, hakudaiwa na mtu, na hata angelala mapema asingekosa kitu.

Jibu nililipata Desemba iliyofuata, jikoni kwa mama.

Tuliokulia Nairobi kwenye nyumba za chumba kimoja na viwili tulijua Krismasi imefika kwa harufu ya chapati. Leo chapati unaipata kila kona asubuhi na chai yako. Nyumbani kwetu, enzi hizo, ngano na mafuta vilikuwa vitu vya kupangiwa. Mama alikuwa akikanda unga kwenye karai akiwa amepiga magoti, anakata matonge, anayapanga kwenye sinia na kuyahesabu mara mbili. Wewe tatu. Huyu mbili, bado mdogo. Za baba zinafunikwa kwa kitambaa, ole wake atakayekigusa. Halafu zinatolewa nne za jirani, zile nzuri zaidi, zisizoungua hata ukingo. Desemba hiyo nilimwona tena akizitenga zile nne, ingawa siku hizi hakuna jirani anayekosa chapati, na hapo ndipo nilipoelewa. Sikukuu ni siku ambayo kilicho haba kinakuwa tele kwa saa chache, na kila aliye pale anajua kwamba kesho kitarudi kuwa haba.

Kwa hivyo siku hizi, kabla ya jina na kabla ya mavazi, naandika swali moja juu ya karatasi: watu wa hapa wanakosa nini mwaka mzima? Likijibiwa hilo, mengine yote yanafuata mkondo.

Mji wangu unaitwa Shungi, umejengwa juu ya mwamba, na wanachokikosa ni maji. Hapo sikuhitaji kubuni sana. Mkazi wa mitaa ya mashariki ya Nairobi haelezwi maana ya mgao wa maji. Unaijua siku yenu ya zamu, unaamka usiku wa manane ukilisikia bomba likikohoa hewa, unakimbia kupanga mitungi kabla hayajakatika. Shungi nikawapa walinzi wa lango wanaopima maji kwa kata mwaka mzima, kisha siku moja lango linafunguliwa kabisa na maji yanateremka kwenye ngazi za mji mpaka jua lizame. Siku hiyo wanaiita Kufungua Koo. Kila chombo lazima kitolewe nje, hata chenye ufa. Na chombo cha kwanza kujazwa ni mtungi wa aliyefariki mwaka huo. Maji yake hayanywi ndugu, kwa kuwa machozi yatayatia chumvi. Anayanywa mgeni, na akishayanywa amebeba jambo moja ambalo marehemu aliliacha bila kulimaliza.

Hilo la mgeni ndilo ningependa ulishike kuliko yote, kwa sababu wachezaji wako karibu kila mara ni wageni. Wanafika mjini na vumbi la njiani, hawana shangazi pale wala shamba. Sherehe isiyomhitaji mgeni itawaacha wamesimama kando wakitazama. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwenye mchezo mpe jembe siku ya kwanza, tena kabla hajaketi.

Mfano mzuri uko hapa hapa kwetu Afrika Mashariki. Makunduchi, kusini mwa Unguja, kila Julai kuna Mwaka Kogwa, mwaka mpya wenye asili ya Nairuzi ya Waajemi. Wanaume wanachapana kwa mapande ya migomba ili vinyongo vya mwaka viishie pale uwanjani, kibanda cha makuti kinatiwa moto, wanawake wanaimba, na nyumba isiyopata mgeni siku hiyo inahesabiwa kuwa na nuksi. Tazama kila kitendo kilivyo na kazi yake. Ugomvi unamalizwa, mwaka mkongwe unaungua, na mgeni anatafutwa. Mimi sihamishi sherehe ya wenyewe nzima nzima na kuibandika kwenye mchezo wangu, hasa ikiwa imefungamana na ibada yao; naona si heshima. Nachukua swali lililo chini yake: watu hawa wanataka kumaliza nini leo?

Nirudi kwenye zile chapati nne za jirani, kwa kuwa zimenifaa kwenye mchezo kuliko joka lolote. Mama alinifundisha kwamba sahani ya mtu hairudi tupu. Ukiletewa chapati, unairudisha na hata machungwa mawili. Basi Shungi nikaweka desturi hiyo hiyo: siku ya Kufungua Koo kila nyumba inampelekea jirani sahani, na ukiipokea una deni mpaka uirudishe na kitu juu yake. Wachezaji wangu walikuwa wamepanga chumba kwa mfanyabiashara wa ngozi waliyemshuku kwa wizi wa muhuri wa mji. Asubuhi mtoto wake akabisha hodi na sahani ya ndizi za nazi, bado zina joto. Walibishana karibu nusu saa. Wakikataa, wameitukana nyumba mbele ya mtaa mzima. Wakila, wamejifunga kwa mtu wanayetaka kumpeleka kwa kadhi. Sikurusha dadu hata mara moja. Nilikaa kimya, nikanywa chai yangu, nikawasikiliza wakipima utu wao wenyewe.

Kalenda isikuumize kichwa, ila kuna jambo moja linalostahili kuibwa: kutojua. Mwaka unaofuata mwezi una siku 354 au 355, ndiyo maana Idi inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka ukiifuatilia kwenye kalenda ya ukutani. Na mwisho wa Ramadhani hakuna aliye na uhakika mpaka mwezi uandame. Pita mtaa wa Eastleigh, Nairobi, usiku wa 29 uone: maduka yamefurika, fundi bado ana kanzu tatu hazijatiwa vifungo, kila mtu anaangalia simu akingoja tangazo la Kadhi Mkuu. Kesho ndiyo, au keshokutwa? Ukiweka hali hiyo mezani, wachezaji wanaopanga kuvizia lango siku ya sherehe watahangaika vilivyo, maana mpango wao unategemea wingu.

Jambo jingine la pwani nililolipenda ni majina ya miezi. Waswahili huanza kuhesabu pale Ramadhani inapoisha: Mfungo Mosi, Mfungo Pili, hadi Mfungo Sita ambao ndio mwezi wa Maulidi, na kuendelea mpaka Mfungo Tisa. Sherehe kubwa ndiyo inayoishika hesabu ya mwaka. Shungi nao wanahesabu miezi tangu lango lilipofunguliwa, kwa hivyo mtu akisema "tuko Kiu ya Tisa", huhitaji kumweleza mchezaji kwamba mambo ni magumu.

Majina ya sikukuu zenyewe nayo yape historia. Sisi Wakenya tunaijua hiyo. 20 Oktoba ilikuwa Siku ya Kenyatta, na tangu Katiba ya 2010 ni Mashujaa. 10 Oktoba ilikuwa Siku ya Moi, Katiba hiyo hiyo ikaiondoa, Mahakama Kuu ikairudisha mwaka 2017, na sasa ni Siku ya Mazingira. Bado utamsikia mzee kwenye matatu akiiita Moi Day, na kwa hilo neno tu unakisia alizaliwa lini. Kwangu mtawala mpya wa Shungi ameamuru Kufungua Koo kuitwe Siku ya Ukarimu wa Mtawala. Wanaotaka vyeo wanalitumia hilo jina jipya. Wauza maji hawalitumii. Baada ya vikao vitatu wachezaji walikuwa wameshajua wa kumwamini kwa kusikiliza jinsi anavyoitaja siku.

Nyimbo, mavazi, vyakula: kimoja kimoja kinatosha, mradi mhusika anaweza kukishika mkononi. Usibuni sikukuu kumi. Mimi nina tatu kwa mji mzima. Na usisahau siku za kabla, pale bei zinapopanda. Yeyote aliyewahi kusimama kituo cha mabasi cha Machakos, hapa Nairobi, wiki ya Krismasi akitafuta gari la ushago, yaani la kijijini kwao, nauli imeshapanda na mzigo uko kichwani, anajua kwamba sherehe huanza barabarani.

Binamu yangu ndiye aliyeyanywa yale maji ya marehemu. Yalikuwa ya mwashi aliyeacha ukuta wa mjane mmoja umefika kiunoni baada ya kugombana naye. Kikao kizima kilikwisha kwa kubeba mawe na kuuliza ugomvi ulikuwa wa nini, na hakuna aliyeuliza habari ya kamba. Ukuta ulipomalizika mjane akampa sahani ya mihogo. Sahani bado iko kwenye mkoba wa mhusika wake, na juzi amenipigia simu kuuliza kama chumvi ni vigumu kuipata Shungi.