Mwanangu, hawakuwa waoga

Mwanangu mpenzi,

Meseji yako nimeisoma, ile uliyouliza hivi Warusi wa enzi ya Stalin, yule aliyetawala baada ya Lenin, walikuwa waoga au vipi, maana watu wanachukuliwa usiku nyumba hadi nyumba na jengo zima limenyamaza kimya. Nimeona nisikujibu kwa mistari miwili ya simu, swali hili linaniuma. Si woga baba. Walipofika mahali pa kuogopa, kila kitu ambacho kingewasaidia kilikuwa kimeshaondolewa, na kiliondolewa kidogo kidogo, kila mara kwa sababu ambayo siku hiyo ilionekana ya maana.

Anza 1917. Lenin na wenzake wakomunisti wameshika nchi mwezi wa 11, na tarehe 20 mwezi wa 12 wakaunda Cheka, yaani tume ya dharura ya kupambana na wapinga mapinduzi na wahujumu, mkuu wake Felix Dzerzhinsky, Mpolandi ambaye mwenyewe alikuwa ametoka kufungwa miaka mingi kwenye magereza ya mfalme wa Urusi. Kazi yao kwenye karatasi ilikuwa wapeleleze, alafu kesi waipeleke mahakama ya mapinduzi, basi. Februari 1918 Wajerumani wanasonga mbele, likatoka tangazo kwamba taifa liko hatarini na Cheka wakapata ruhusa ya kuua palepale bila hakimu. Agosti mkuu wa Cheka wa Petrograd akauawa, siku hiyohiyo Lenin akapigwa risasi Moscow akapona, na tarehe 5 Septemba likatoka agizo la Ugaidi Mwekundu, yaani kukamata na kuua wapinzani kwa wingi. Yaani hata mwaka haujaisha.

Vita vya ndani vikaisha, watu wakasema sasa mambo yatatulia. Kweli 1922 Cheka ikavunjwa ikaitwa GPU, ikatangazwa kwamba kesi zote zitaenda mahakamani, ila mwaka huohuo wakarudishiwa uwezo wa kuwapeleka watu uhamishoni bila kesi na kuua majambazi waliokamatwa na silaha. Polisi walewale wa siri wakaendelea kubadilishiwa jina, OGPU 1923, NKVD 1934, na baadaye sana KGB 1954. Mimi hapa ndo naona penye shina la mambo yote, ruhusa iliyotolewa kwa dharura hairudi ilikotoka, dharura inakwisha na ruhusa inabaki, na mafaili ni yaleyale, pale Lubyanka, makao yao makuu Moscow, jengo ambalo zamani lilikuwa la kampuni ya bima.

Alafu wakapewa na uchumi. 1930 na 1931 karibu watu milioni 1.8, wakulima na watoto wao, waliondolewa kwenye ardhi zao wakapelekwa kaskazini na Siberia, na waliosimamia ni OGPU. Kambi za wafungwa nazo ni zao, wafungwa wanachimba mfereji wa kuunganisha Bahari Nyeupe na Baltiki kwa sururu na toroli, wanachimba dhahabu Kolyma, kule mashariki ya mbali kabisa kwenye baridi kali. Mwisho wa 1932 zikaletwa pasipoti za ndani, mtu wa mjini hahami bila karatasi, wakulima wengi hata hiyo karatasi hawakupewa. Sasa niambie huyo mtu angekimbilia wapi?

Tarehe 1 Desemba 1934 Kirov, kiongozi wa chama Leningrad, akauawa kwa risasi ofisini kwao. Jioni ileile sheria ikatoka, isome polepole: kesi za ugaidi upelelezi usizidi siku 10, mshtakiwa apewe mashtaka siku moja kabla, wakili hakuna, rufaa hakuna, na hukumu ya kifo itekelezwe mara moja. Sheria ya siku moja, na ikabaki miaka.

Ukifika 1937 hata hayo mashtaka hayakuhitajika tena. Tarehe 30 Julai Yezhov, mkuu wa NKVD, alisaini amri namba 00447, na hii ndo iliyoninyima usingizi nilipoisoma mara ya kwanza, kwa sababu imeandikwa kama mpango wa msimu wa pamba, kila mkoa na lengo lake: kundi la kwanza wa kupigwa risasi, kundi la pili wa kambini miaka 8 hadi 10. Mkoa wa Omsk ulipangiwa 1,000 wa kuuawa. Mkuu wa NKVD wa kule akatuma simu ya maandishi kuomba aongezewe wafike 8,000, na Stalin akaandika kwa mkono wake juu ya karatasi ileile kwamba anakubali. Anayehukumu ni kamati ya watu watatu, mkuu wa NKVD, katibu wa chama na mwendesha mashtaka, wanapitia orodha, mshtakiwa mwenyewe hayupo chumbani. Rekodi zao wenyewe zinaonyesha 1937 na 1938 waliuawa watu 681,692.

Wala usidhani ngozi nyeusi ilimkinga mtu. Lovett Fort-Whiteman, Mmarekani mweusi, mkomunisti wa kweli kabisa aliyekwenda Moscow kwa imani yake, alinyimwa ruhusa ya kurudi kwao, akapelekwa uhamishoni, akaishia Kolyma na kufa huko Januari 1939. Kenyatta alisoma Moscow 1932 na 1933, bahati yake aliondoka mapema.

Sasa ule ukimya uliouliza. Agosti 1937 ilitoka amri nyingine, 00486, kwamba wake za "wasaliti" wafungwe kambini miaka 5 hadi 8 na watoto wapelekwe vituo vya yatima. Kwa hiyo jirani akisikia mlango unagongwa saa nane usiku anapiga hesabu ya mke wake na watoto wake waliolala pembeni, si ya nafsi yake tu. Na mashushushu walikuwepo kila mahali, kiwandani, darasani, kwenye jiko la kushea na familia nyingine, wengi wao ni watu walioitwa wakatishwa mpaka wakakubali.

Lakini hawakukaa tu mwanangu, hili usilisahau ukiwa unawahukumu. Wanawake walipanga foleni nje ya magereza kwenye baridi ile, mkononi pesa kidogo ya mfungwa. Dirishani pesa ikipokelewa basi bado yumo, ikirudishwa hayumo. Wakiuliza yuko wapi wanajibiwa "miaka 10 bila haki ya kuandikiana barua", wanarudi nyumbani wanahesabu, 1947 ikifika wanarudi dirishani kuuliza, na mtu alishapigwa risasi kitambo.

Yagoda aliyetangulia kushika NKVD aliuawa 1938, Yezhov mwenyewe 1940, Beria aliyemfuata 1953 baada ya Stalin kufa. Wakubwa walikufa, ofisi ikaendelea. 1955 familia zilipoanza kudai majibu, KGB ilitoa maelekezo ya siri kwamba waambiwe ndugu yao alifia kambini akitumikia kifungo, na vyeti vya vifo vikajazwa tarehe za uongo na magonjwa ya uongo, moyo, nimonia. Tarehe za kweli zilianza kutolewa 1989, na wake wengi walikuwa wameshazikwa na cheti cha uongo kwenye sanduku.

Ukitaka habari za Beria nipigie Jumapili baada ya kanisa, ni ndefu. Baba yako anakusalimia, anauliza ile koti iliyotumwa ilikutosha?

Ni mimi mama yako.