Tufunge ndoa makorongoni bila kumwambia mtu?

*Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma, nina miaka 29. Mchumba wangu ana 33, ni fundi umeme. Posa ilishapokelewa na mahari imelipwa nusu. Shida yetu ni kamati. Kaka zake wamepanga bajeti ya milioni 18, kadi za michango zimeanza kusambazwa, na sisi wenyewe tuna milioni mbili na laki tatu. Tumeona picha za watu waliofunga ndoa jangwani huko Namibia, wao na mashahidi wao wawili tu, mchanga mwekundu umetanda nyuma yao. Tunatamani kitu kama hicho hapa hapa kwetu, tusimwambie mtu, tukirudi tuonyeshe cheti. Inawezekana? Twende wapi, na lini? Na je, huko si kutoroka?*
*Mwalimu, Nkuhungu*

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu. Nianze na sheria, maana ukiikosea hiyo, picha zitabaki picha tu.

Wewe una miaka 29. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikudai kibali cha baba wala cha kaka wa mtu. Mahari kutomalizika nako hakubatilishi ndoa. Sheria hiyo hiyo imelisema jambo hilo waziwazi. Kinachotakiwa ni notisi. Mnampelekea msajili taarifa kwamba mnakusudia kuoana, siku zisizopungua 21 kabla ya ndoa, naye anaitangaza ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hapo ndipo siri yenu inapoanza kuvuja, ujue mapema. Kwa ndoa ya bomani mnakwenda ofisi ya mkuu wa wilaya, na siku ya ndoa lazima wawepo mashahidi wasiopungua wawili. Hukuniambia mnasali wapi. Kama mnataka padri, mchungaji au shehe, mwendeeni kwanza, kwa sababu kila dini ina utaratibu wake, na wengi hawatakubali kufungisha ndoa korongoni.

Ushauri wangu: fungeni ndoa asubuhi ofisini, mtie saini, mpewe cheti, kisha mwende nyikani mkaambiane maneno yenu. Mkitaka msajili mwenyewe aje huko, mwulizeni siku ile ile ya kupeleka notisi. Msingoje wiki ya mwisho.

Sasa hilo la kutoroka. Kukimbia kamati si kutoroka, na ninawaunga mkono kwa moyo wote. Nimeona vijana wakianza maisha na deni la ukumbi, mwaka wa pili bado wanalipa viti vilivyokaliwa na watu wasiowajua. Mwambieni kaka mkubwa kwa mdomo, mkiwa wawili, kwamba hakuna sherehe, na michango iliyokwisha kutolewa irudishwe yote. Fanyeni hivyo wiki hii, kabla kadi hazijafika mbali.

Lakini mama yako ni jambo jingine. Mimi nilifunga ndoa mwaka 1986, bomani, na mashahidi wawili tuliofanya nao kazi. Mama alikuwa Mpwapwa. Nilijiambia kwamba nitamweleza nikienda likizo. Habari zilimfikia kwa dereva wa lori la mahindi, sokoni, mbele ya wanawake wenzake. Hakunigombeza hata siku moja. Aliwalea wanangu, akaishi miaka 11 baada ya hapo. Tulipofungua sanduku lake baada ya msiba, nilikuta doti ya kitenge, bado imekunjwa kama ilivyotoka dukani. Dada yangu akaniambia, hiyo aliinunua ya harusi yako. Mpaka leo siwezi kuishona.

Kwa hiyo badala ya watu wanne, muwe sita. Ongezeni mama yako na mama yake. Waambieni siku tatu kabla kama mnaogopa habari kusambaa, lakini waambieni.

Haya, mahali. Dodoma ni nchi kame, lakini si jangwa, na mchanga kama wa Namibia hamtaupata huku. Ule mchanga mweusi unaohama uko karibu na Olduvai, Ngorongoro, nao ni majivu ya volkano. Kwa mfuko wenu ni mbali. Ninyi nendeni Kondoa, kilomita kama 160 kutoka Dodoma, lami mpaka mjini. Kule kuna makorongo ya udongo mwekundu yenye kuta ndefu kuliko mtu, na jua likiinama huwaka kama matofali yanayotoka tanuruni.

Mfike mkijua mnasimama juu ya nini. Makorongo yale yalichimbwa na maji ya mvua baada ya miti kukatwa na mifugo kuzidi. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa katika eneo lililoharibika zaidi. Watu walitengana na ng'ombe wao ili majani yaote tena. Yaliota. Msipitishe gari juu ya matuta, msikate hata tawi moja la kupamba, na kabla ya yote pitieni kwa mwenyekiti wa kijiji mjitambulishe. Ardhi ile ina wenyewe, na wageni sita waliovaa vizuri porini jioni ni lazima waulizwe.

Mkiwa na siku ya pili, sogeeni Kolo, mbele ya mji wa Kondoa kuelekea Babati. Michoro ya mapangoni ya Kondoa iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mnalipa kiingilio ofisini pale Kolo na kupewa mwongozaji. Ukiwa juu kwenye majabali unaiona nyika ya Wamasai imetandazwa chini mpaka macho yanachoka. Gari la chini litawasumbua kwenye njia ya kupanda. Msiguse michoro, msiimwagie maji ili ing'ae kwenye picha. Pale Mungumi, moja ya sehemu zenye michoro hiyo, wenyeji bado wanakwenda kufanya matambiko. Mkikuta watu, rudini nyuma mngoje.

Wakati mzuri ni Juni au Julai. Mvua zetu huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuisha Aprili, na korongo wakati wa mvua si mahali pa kusimama: maji huja kutoka juu hata kama ulipo wewe hakujanyesha tone. Julai mbingu ni safi, mibuyu imepukutisha majani yote, nayo hupendeza kuliko ua lolote la plastiki. Jua huzama kama saa kumi na mbili na nusu, hivyo muwe mmeshafika mahali penu saa kumi na moja. Saa saba mchana jua huchoma, na kila uso kwenye picha unakunjamana.

Upepo utakusumbua. Shela refu liache nyumbani, utakuwa unalifukuza badala ya kumtazama mume wako. Gauni lisiburuze chini: vumbi jekundu la Kondoa halitoki kwenye nguo nyeupe, nimefua najua. Vaa viatu vilivyofunika vidole, kwa sababu mbigili haimjui bibi harusi. Na chukua sweta au mtandio mzito. Watu wa Dar hawaamini, lakini usiku wa Julai huku unatetemeka.

Maji bebeni dumu la lita 20. Chakula, msibebe pilau la kupoza. Wekeni oda mjini Kondoa kwa mama ntilie mmoja mnayemwona ni msafi, kuku wa kienyeji na ugali, mle mkirudi usiku. Mpiga picha mtafuteni Dodoma, awe mmoja, na mkubaliane naye kwamba hatarusha picha yoyote mtandaoni kabla yenu.

Hesabu siku sasa. Mkitaka Jumamosi ya kwanza ya Julai, mwulizeni msajili kama anafungisha Jumamosi. Kama hapana, fungeni Ijumaa na mlale Kondoa. Notisi iwe mezani kwake mwishoni mwa Mei, msibane mpaka siku ya 21.

Na kwenye gari wekeni viti viwili vyenye migongo kwa ajili ya wale akina mama. Korongoni hakuna pa kukaa ila mawe.